Nilivyompandisha Mgiriki Masama

Ndugu zangu wa Majengo hapa Moshi, tangu nirudi sijamaliza kikombe hata kimoja cha kahawa pale kwenye benchi letu bila mtu kuniuliza kilichotokea huko juu. Mmoja kasikia nilipigwa. Mwingine kasikia nimeoa. Aliyekaribia ukweli ni yule fundi cherehani aliyesema nimenyang'anywa shamba na Mgiriki aliyekufa, nanyi mkamcheka. Basi naandika mara moja, msomeane wenyewe, na mimi niachwe ninywe kahawa yangu ikiwa bado ya moto.

Mnajua kazi yangu ni elimu ya watu wazima. Katika kikao kimoja tuliambiwa tutafute mifano ya kuonyesha kwamba ujamaa si jambo la jana. Wenzangu wakataja mababu zao, kila mtu babu yake. Mimi kwa kiherehere changu nikasimama nikamtaja Mgiriki niliyemsoma chuoni, mwanafalsafa wa zaidi ya miaka mia tano iliyopita. Aliishi Mistra, mji mdogo wa mlimani kusini mwa Ugiriki, wakati Waturuki wameuzunguka ufalme wao karibu pande zote. Akamwandikia mfalme, na mtoto wa mfalme pia, kuwaeleza jinsi ya kuiokoa nchi: ardhi iwe ya wote, kila mtu alime anapoweza, na asiyelima asidai. Jina lake silitaji hapa, maana kila nilipolitaja safarini watu waliuliza kama ni dawa mpya ya kunyunyizia mikahawa.

Mkubwa wangu alipiga meza kwa furaha. "Kumbe hata Wazungu walikuwa wajamaa kabla hawajaharibika!" Nikapewa Landrova, dereva, na amri ya kwenda Sanya Juu, kisha Masama, kuwaeleza wananchi.

Sasa, mimi nilikuwa na shughuli yangu ya pembeni. Mnajua mimi ni kitinda mimba, na kwetu nyumba ya wazazi na kihamba chake, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, humwangukia mtoto wa mwisho. Kihamba chetu kiko Masama. Mimi sikilimi. Anayekilima ni Mama Aikande, mjane wa kaka yangu, aliyehamia pale kumwuguza mama yetu, akamzika, akabaki. Sasa mwanangu mkubwa anataka kuoa, na mke wangu Eliaichi aliniambia nikifunga sanduku, "Safari hii usirudi na salamu. Rudi na kihamba." Tukakubaliana nimweleze shemeji kwa upole kwamba wakati umefika arudi kwa kaka zake Siha.

Kwa hiyo ndani ya Landrova nilipakia mambo mawili: kuwafundisha watu kwamba ardhi ni ya anayeilima, na kumwondoa anayeilima. Naapa siku ile sikuona tatizo lolote.

Majengo hadi Boma la Ng'ombe

Dereva alikuwa Mzee Shabani, mnamfahamu, huzungumza na gari zaidi kuliko na watu. Tulikaa kwenye foleni ya petroli hadi jua likatupanda kichwani. Alipochoka kuisifu injini, akanigeukia.

"Mwalimu, huyo Mgiriki wako aliyesema ardhi ni ya wote, yeye mwenyewe alikuwa na shamba?"

Jibu nilikuwa nalo. Watawala wa Mistra walimpenda sana yule mzee, wakampa ardhi, na vijiji ndani yake, kisha wakamwandikia hati zenye muhuri wa kifalme ili wanawe wairithi. Jambo hilo sikulitaja kikaoni, kwa sababu kikao kilikuwa kinakwenda vizuri.

"Hilo ni suala la kitaaluma, mzee wangu."

"Basi alikuwa nalo," akasema, akasogeza gari hatua moja mbele.

Boma la Ng'ombe tulikuta kizuizi. Mgambo wawili walikuwa wanatafuta magunia ya mahindi yanayosafirishwa kwa magendo. Mmoja, kijana mwenye rungu na sauti kubwa kuliko umbo lake, aliangalia nyuma ya gari, akafunua turubai, akalirudisha.

"Mgiriki yuko wapi?"

Kumbe ofisini kwetu walikuwa wamepiga simu Sanya Juu kusema mwalimu anawaletea Mgiriki mjamaa, na habari ikateremka barabarani kabla yetu.

"Mgiriki amekufa," nikasema.

Kijana akavua kofia. "Poleni sana. Amefia njiani?"

"Hapana, amekufa zamani."

"Zamani! Na mnamsafirisha bila kibali?" Akavaa kofia tena. "Shusheni mzigo."

Tulishusha sanduku langu. Ndani akakuta shati, mswaki, na karatasi ya manila niliyokuwa nimemchora mzee wa watu na ndevu zake na kofia yake ya duara. Aliitazama kwa muda. "Ndiye marehemu?" Nikasema ndiye. Nikaanza kueleza habari za Mistra na Waturuki, lakini Mzee Shabani alinikanyaga mguu, akasema kwa huzuni kubwa, "Tumshukuru Mungu, amepumzika." Kizuizi kikainuliwa. Mgambo wote wawili walisimama wima mpaka tukapita.

Sanya Juu

Nilishangaa kuona watu wengi kiasi kile. Nimefundisha elimu ya watu wazima miaka mingi, sijawahi kukuta watu wazima wanaisubiri. Wamejipanga kuanzia ofisi ya kijiji hadi kwenye miti ya mashamba, na mwenyekiti mbele yao amevaa suti ya kitambaa kinachong'aa.

Lazima mjue kwamba jirani na pale palikuwa na shamba kubwa la mlowezi wa Kigiriki. Serikali ililichukua, mwenyewe akaenda zake, vibarua wakabaki, wengi wao watu wa Singida na kwingineko waliokuja kutafuta kazi. Waliposikia Mgiriki anakuja, na tena amekuwa mjamaa, walielewa jambo moja tu: bwana yule anarudi.

"Tumejiandaa," mwenyekiti akaninong'oneza. "Akague mwenyewe."

Akanipeleka kwenye nyumba ya yule mlowezi. Milango na madirisha, ambayo kwa miaka kadhaa yalikuwa yametawanyika kijijini kwa matumizi ya umma, yalikuwa yamerudishwa kwa haraka. Mlango wa jikoni ulifungwa sebuleni. Dirisha moja lilikuwa juu chini. Trekta lisilo na magurudumu lilikuwa limeoshwa, na mtu mmoja amekaa juu yake ameshika usukani.

Nilisimama mbele ya watu nikasema ukweli: Mgiriki huyu si yule. Huyu alikufa kabla mtu yeyote hajafikiria kupanda mkahawa kwenye mlima huu. Halafu nikaona watu wa nyuma wanaondoka mmoja mmoja kwa mwendo wa kuwahi, na punde tu tukasikia misumari inang'olewa kule kwenye nyumba. Kila mtu alikuwa anautwaa mlango wake.

Waliobaki niliwafundisha. Nilisema mzee wa Mistra alitaka mavuno yagawanywe mafungu matatu: moja la anayelima, moja la mwenye ng'ombe na mbegu, na moja la wanaoilinda nchi.

Mama mmoja aliyekuwa anapukuchua mahindi kwa vidole akainua mkono. "Hao wa fungu la tatu, shambani wanakuja?"

"Hawaji, mama. Wao wanalinda."

"Basi hao tunao," akasema, akaendelea na mahindi yake. Watu walicheka mpaka mwenyekiti akalazimika kukohoa.

Ili kumwokoa mwenyekiti nikabadili somo. Nikasema mzee alipinga wakubwa kuvaa nguo za kigeni wakati nchi ina sufu na pamba yake yenyewe. Macho yote yakahamia kwenye ile suti. Mwenyekiti akaitazama kama vile ameikuta mwilini. "Hii nilipewa," akasema. Mkutano ukafungwa hapo, kwa makofi ambayo sijui yalikuwa ya nani.

Chakula kilikuwa kizuri. Mbuzi aliyechinjwa kwa ajili ya Mgiriki hakuweza kufufuliwa, kwa hiyo tulimla sisi, pamoja na makande yaliyochemka tangu asubuhi. Mzee Shabani alikula huku akimwombea marehemu kila baada ya tonge chache.

Kupanda Masama

Jumamosi tulirudi hadi Boma, tukashika barabara ya Moshi, tukakata Kwa Sadala kuanza kupanda. Mvua ilikuwa imenyesha, na udongo wetu mwekundu mnaujua. Landrova ilipanda, ikasita, ikarudi kinyumenyume mpaka ikalala kwenye mtaro. Wakaja watu kusukuma, na kila aliyesukuma aliuliza kwanza habari za nyumbani, za watoto, na za mjini, ndipo akaweka mkono kwenye gari. Tulichelewa sana, ila tulisalimiana vya kutosha.

Tukiwa tumekaa kusubiri tope lipungue, Mzee Shabani alinionyesha majani marefu yaliyopandwa kando ya kila shamba. "Haya mbona kila mpaka yapo?"

Hapo nikapata nafasi ya kufundisha. Nikamwambia hayo ni isale. Ndiyo mpaka wetu, na akishapanda mtu isale hakuna wa kuhamisha. Tena ndiyo msamaha wetu. Mtu akikukosea, akikuletea jani la isale limefungwa fundo, huna ujanja, utamsamehe hata kama ameua. Ukilikataa, ukoo mzima utakuona wewe ndiwe mkosaji.

"Hata ukilipokea bila kujua?" akauliza.

"Mchagga hawezi kupokea isale bila kujua," nikamjibu, na nikacheka.

Mama Aikande alitusubiri mlangoni, kanga kiunoni, mikono ina maji ya kuoshea vyombo. "Shikamoo shemeji," nikasema. "Marahaba. Karibuni, wageni." Nililisikia lile neno, lakini nilikuwa na njaa.

Nitasema niliyoyaona, ingawa hayanisaidii. Mikahawa ilikuwa imepogolewa vizuri kila mti. Mfereji wa maji ulikuwa safi, hakuna jani. Migomba imewekwa samadi, na zizini kulikuwa na ng'ombe wawili wanene. Kaburi la mama lilikuwa limefagiliwa, na maua mekundu yamepandwa kichwani na miguuni. Mimi mara ya mwisho kusimama pale ilikuwa siku tulipomzika. Nikajidai naangalia ndizi.

Alitupa kiburu, ndizi na maharage vilivyopondwa pamoja, na maziwa mgando. Kila nilipofungua mdomo kuanza mazungumzo yangu, aliniongezea. Mwishowe nikaweka mkono juu ya sahani.

"Shemeji, kesho baada ya mkutano tuna jambo la kuzungumza."

"Najua," akasema bila kuniangalia. "Eliaichi alimwambia dada yake, na dada yake tunaimba naye kwaya."

Akaninyanyua mkono taratibu, akaniongezea kiburu.

Uwanja wa kanisa

Mkutano ulifanyika Jumapili baada ya ibada, kwenye nyasi nje ya kanisa. Mchungaji mwenyewe alinikaribisha, akakaa mbele, kalamu mkononi.

Siku ile nilifundisha vizuri, sina haja ya kujificha. Niliwasimulia jinsi mzee wa Mistra, ameshazeeka, alivyopelekwa Italia pamoja na mfalme, ambako maaskofu wa pande mbili walikutana ili kuunganisha makanisa. Maaskofu wakabishana juu ya maneno ya imani mwezi baada ya mwezi. Yeye akawa anakaa na matajiri wa mji akiwasimulia habari za mwanafalsafa wa kale aliyempenda kuliko wote, hata akajibadilisha jina lifanane na lake, na wale matajiri hawakutaka aondoke. Nikaeleza kwamba aliwapinga watawa wanaokula jasho la wakulima kwa kusali tu. Mchungaji akaacha kuandika. Nikaeleza kwamba baada ya kufa kwake kilionekana kitabu alichokuwa anakiandika kwa siri, ameirudisha miungu ya kale ya Wagiriki, na mkuu wa kanisa akakichoma moto.

"Chote?" Mchungaji akauliza.

"Sehemu kubwa."

"Vizuri," akasema, akaandika tena.

Nikamaliza kwa ardhi. Ardhi ni ya wote, na matunda ni ya anayetoka jasho juu yake. Nikasema kwa sauti ya juu, mkono hewani. Ndipo Mama Aikande aliposimama katikati ya wanakwaya.

"Mwalimu, yale mafungu matatu tuliyasikia kutoka Sanya Juu. Naomba unisaidie hesabu. Anayelima ana fungu moja. Mwenye ng'ombe na mbegu ana fungu moja. Kule ninakolima, jembe ni langu, ng'ombe ni wangu, mbegu natafuta mwenyewe. Nina mangapi?"

"Mawili," watu wakajibu kabla yangu.

"Na la tatu?"

"La serikali!"

"Nimeelewa," akasema. "Nilitaka kujua kama kuna la nne."

Ndugu zangu, jasho lilinitoka na upepo wa mlima unavuma. Nikasema tusichukue mambo ya kitabuni moja kwa moja. Akauliza tena, kwa heshima kabisa, "Na huyo mzee, yeye mwenyewe alikuwa na kihamba?"

Nikaanza kusema kwamba hilo ni suala la kitaaluma. Kutoka kwenye Landrova ikaja sauti ya Mzee Shabani: "Alikuwa nacho!"

Ikabidi nieleze. Ndiyo, alipewa. Ndiyo, na wanawe wakakirithi. Ndiyo, kwa hati ya mfalme. Hapana, waliolima hawakuwa wao.

"Kumbe alikuwa mtu wa kawaida," Mama Aikande akasema. "Mimi nilidhani ni malaika." Watu wakacheka, nami nikacheka nikidhani yamekwisha. Wakapiga makofi, wanawake wakapiga vigelegele, na yeye akanijia na kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi. Koo langu lilikuwa limekauka kwa kuhubiri. Nikakipokea kwa mikono miwili, kama ninavyopaswa, nikanywa mpaka povu likanifika puani.

Nilipokishusha, makofi yalikuwa yamekoma. Nikatazama shingo ya kibuyu. Palikuwa pamefungwa jani la isale, fundo limekazwa vizuri.

"Umepokea, shemeji?" akauliza.

Nilitazama huku na huku. Wazee wa ukoo wetu wote walikuwa pale na nguo zao za Jumapili.

"Nimepokea," nikasema. Ningesema nini?

Akapiga magoti kwenye nyasi, na sauti yake sasa haikuwa na mzaha hata kidogo. "Nimekukosea, mtoto wa mama. Hiki kihamba ni chako, wewe ndiwe wa mwisho, mila inajua. Mimi nilikuja kumwogesha mama yenu, nikamlisha, nikamfunga macho. Nimemzika yeye na mume wangu nikabaki. Kwa kaka zangu hakuna anayenisubiri. Umekuja kunitoa, na mimi nakukosea mbele ya watu wote, kwa sababu sitoki. Naomba unisamehe."

Nilikasirika. Nasema wazi, nilikasirika kama mtoto aliyenyang'anywa kitu alichokuwa amekisahau uvunguni. Tena nilikuwa na aibu, na vyote viwili vilinipanda pamoja na mbege. Nikamwangalia mchungaji anisaidie. Alikuwa ameweka kalamu mfukoni.

"Amepokea," mzee mmoja akasema taratibu. "Na amekunywa."

Nikamwinua shemeji kwa mkono. Nikasema nimesamehe. Niliposikia sauti yangu inasema hivyo, macho yalinijaa, na mpaka leo sijui nilimlilia mama au nilikililia kihamba.

Kushuka

Saa nane mchana ilikuwa imeshapita, na mnajua kwa amri ya serikali ya kubana petroli, Jumapili baada ya saa nane magari hayatembei. Ikabidi nilale kule kule nilikosamehe. Jioni ile nilichukua jembe nikajidai kulimia migomba nyuma ya nyumba, ili nionekane nami ni mtu wa pale. Mama Aikande aliniacha kwa muda, kisha akaja akanipokonya. Nilikuwa nakata mizizi ya mkahawa.

Asubuhi, Mzee Shabani anaipasha injini moto na kuiambia maneno matamu, shemeji alikata mkungu wa ndizi mshare, mkubwa kuliko yote niliyoiona pale, akauweka mwenyewe kwenye gari, akaufunika kwa majani.

"Nilitafuta lile fungu la nne," akasema. "Nimelipata. Ni fungu la mgeni. Kila ukija lipo."

Tulishuka mpaka Kwa Sadala, tukashika barabara ya Moshi. Yule kijana wa kizuizi cha Boma naye alikuwa amepanda gari kuja Moshi, tukakutana naye mjini akaniuliza kama mazishi yalikwenda vizuri. Nikamwambia yalikwenda vizuri.

Eliaichi alinipokea mlangoni. Hakuuliza habari za safari, wala za Mgiriki, wala kama nimekula. "Kihamba kimekuwaje?"

Niliuweka mkungu mezani, katikati ya chumba chetu cha kupanga. Nikamwambia hicho ndicho kilichonifikia. Alisimama akautazama, akainua jani moja, akazihesabu ndizi kwa macho, na nadhani alielewa kabla sijamweleza, kwa sababu alikwenda kutafuta kisu.

Akazipika na nyama. Tukala wote, mimi, yeye na watoto, na mwanangu anayetaka kuoa akauliza ndizi tamu namna hii zimetoka wapi. Mama yake aliniangalia mimi nijibu.

"Kwa Mama Aikande," nikasema. Ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu nimepataja pale kwa jina la mwingine.